Unga wa Mwalimu wa Vyuma

Kila nikimkumbuka, kitu cha kwanza kunijia ni kidole gumba chake. Alikuwa hasalimii watu kwa mkono kama wengine. Alikushika juu ya kiwiko, akakubonyeza kwa gumba lile nene lenye ukucha wa manjano mpaka ahisi mfupa, ndipo akasema subalkheri. Vijana wake walifurahia jambo hilo. Walikaza mkono, wakazuia pumzi, wakangoja aseme neno. Mimi mwanamke, na mwenye buibui, hakuthubutu kunigusa, lakini alinitazama mkono juu ya nguo kwa jicho lile lile la kupima. Mara ngapi nimefika orofani nikaosha mkono ambao hakuugusa.

Tulimwita Mwalimu. Hakuwahi kusomesha chuoni wala skuli. Alifundisha watu kuinua vyuma, chini ya nyumba yetu ya Mji wa Kale, katika stoo ambayo baba alikuwa akiwekea mbao. Baba alipofariki, mwanzoni mwa miaka ya tisini, mama alimkodisha yeye kwa sababu alikuja amevaa kanzu safi, akazungumza kwa upole, na akaahidi kwamba humo ndani hakutapigwa muziki. Ahadi hiyo aliitimiza. Jina lake mama alilijua, nami nililijua, lakini hakuna aliyelitumia, na hapa pia silitumii.

Vyuma vyenyewe vilikuwa gia za malori mabovu kutoka yadi za Shimanzi, kipande cha reli, na makopo ya rangi yaliyojazwa saruji na kutiwa mti katikati. Ukutani alikuwa na kioo kilichopasuka pembeni na picha za wanaume wa kizungu waliopakwa mafuta, wamevaa vichupi, wanacheka. Mama hakuziona picha hizo hata siku moja kwa sababu hakuingia. Mimi niliziona mlango ukiwa wazi, nikashukuru kwamba mama haoni vizuri.

Wageni wakija Mji wa Kale husifu nyumba zetu na milango yetu. Hawajakaa juu ya stoo ya vyuma. Nyumba zimebanana, na harufu ya chini haina pa kwenda ila kupanda uani na kuingia jikoni. Nilipika miaka mingi juu ya jasho la wanaume, kamfa, mayai mabichi na maziwa yaliyochacha. Alfajiri Mwalimu alileta ini kutoka bucha, akalikata vipande uani kwa kisu cha kukunja, akalitia mbichi ndani ya ndoo ya maziwa na mayai, maganda na yote, akalivuruga kwa mkono mpaka kwenye kiwiko. Mkono ulitoka una rangi ya waridi. Vijana walipanga foleni na vikombe vyao. Mmoja akitapika, wenziwe walimcheka, naye Mwalimu akamwambia kwa upole anywe tena. Taulo lilikuwa moja, la kijani, lilipita shingo hadi shingo na halikuanikwa juani hata mara moja. Paka wa mtaa wetu hula kila kitu, hata makaratasi ya samaki, lakini ndoo ile waliinusa wakaondoka.

Nimesema kwa upole. Sharti niseme pia kwamba hakuwahi kupandisha sauti. Aliyetukana alitolewa nje kwa siku nzima. Adhana ikipigwa vyuma viliwekwa chini, wakatoka wote, yeye mbele na kofia yake, wao nyuma yake na nywele zinadondoka maji. Wakristo waliokuwa kati yao walikaa barazani wakangoja, nao hakuwabughudhi. Wazee wa mtaa walimpenda kwa hilo. Waliona amewatoa vijana kwenye unga wa aina nyingine, ule wa kulevya uliokuwa ukiwamaliza watoto wa watu vichochoroni, na walikuwa na haki ya kumshukuru. Ningewaambia nini, ati taulo lake lanuka?

Na alijua kazi yake. Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote. Lau angekuwa mjinga ningemsahau. Nikikaa dirishani na cherehani yangu nilimsikia akiwafundisha, na mambo yake yalikuwa ya akili. Alikuwa akiwaambia kwamba chuma hakimkuzi mtu, bali chamvunja. Kinachomjenga ni chakula na usingizi baada ya kile chuma. Msuli ukiuma ni kwamba umechanika kidogo kidogo, na wataka siku mbili kujirekebisha, kwa hiyo aliyefanya kazi ya miguu leo asiiguse kesho. Aliwaambia wanywe maji, walale masaa manane, wajikande kwa maji ya moto. Mtu aliyekuja anachechemea alimrudisha nyumbani.

Lakini aliwarudisha nyumbani watu gani, na nyumbani wapi? Wengi wa vijana wake walikuwa makuli wa magodauni ya Shimanzi, watu wa Kaloleni na Kinango waliokuja mjini kubeba magunia. Walipita kwake alfajiri kunywa kikombe, wakabeba sukari na saruji mchana kutwa, wakarudi kwake jioni kuinua gia za malori, kisha wakaenda kulala sita katika chumba kimoja. Gari likija usiku waliamshwa wakapakue. Kumwambia mtu kama huyo alale masaa manane ni kumwambia ajenge kasri. Mwalimu alilijua hilo vizuri sana. Kwa asiyeweza kulala, alikuwa na unga.

Unga wake ulikuwa mweupe unaoelekea manjano, wenye harufu ya maziwa na kitu kingine kama chaki. Ulikaa ndani ya pipa la plastiki, na kila mtu alipimiwa kwa kopo la maziwa, akalipa, akaukoroga katika kikombe chake. Nilijua ulikotoka. Siku moja alitandika gunia uani ili avunjie mayai, nikashuka kuanua nguo, upepo ukaligeuza. Upande wa chini lilikuwa na picha ya ndama. Nilimwambia ndugu yangu jioni ile, nikidhani nimefichua jambo kubwa. Akanicheka. Alisema wote wanajua kwamba ni maziwa ya ndama, kwani magunia yakipasuka bandarini wao wenyewe ndio huyabeba. Ndama hupata nguvu, akasema, mbona mtu asipate.

Ndugu yangu huyo ni Swaleh, mdogo wangu, mtoto wa mwisho wa mama. Aliacha skuli mapema, akawa mwembamba na mkimya, akapata kazi ya ukuli Shimanzi kwa sababu hapakuwa na nyingine. Mwezi wa kwanza alikuwa akipanda ngazi zetu kwa mikono na magoti. Mama alimkanda akilia. Wale watu wazima godauni walimwita Bi. Arusi kwa jinsi alivyoshika gunia. Kisha jioni moja Mwalimu alimwita pale mlangoni, akambonyeza mkono, akamwambia ana mifupa ya mtu mkubwa, imekosa nyama tu. Swaleh alipanda juu siku ile akala sahani mbili za wali. Sikuwahi kumwona hivyo. Alinirudia maneno yale, dada, amesema nina mifupa ya mtu mkubwa, akajitazama kwenye mlango wa kabati la vyombo.

Chakula cha Mwalimu mwenyewe nakijua kama ninavyojua changu, maana alikila chini ya dirisha langu. Kila asubuhi vijana wakishaondoka alivuta kigoda, akafunua sufuria. Kunde za nazi, samaki wa kuchoma, ndizi mbivu mbili, na maziwa ya ng'ombe aliyoletewa na mtu wa Kisauni, akayachemsha mwenyewe. Alitafuna polepole, akichambua miiba. Kwa miaka yote ile sikumwona akinywa kikombe hata kimoja cha ile ndoo, wala kugusa unga ule ila kwa kuwapimia wengine. Akimaliza alinawa mikono kwa sabuni, tena vizuri, mpaka chini ya kucha.

Halafu kulikuwa na mguu wa mama. Mama aliteleza ngazini, akavunjika mguu chini ya goti. Plasta ilipotolewa, mguu ulikuwa umebaki kama fimbo, na hakuweza kuukanyagia. Tulianza kuzoea kwamba atakufa kitandani. Mwalimu alisikia, akamtuma Swaleh aje aombe ruhusa. Hakuingia chumbani. Alikaa kwenye kizingiti, ametupa mgongo, akanyoosha mguu wake mwenyewe na kunionyesha juu yake, nami nikaifuata mikono yake juu ya mguu wa mama kwa kumtazama begani. Huku kwa gumba, huku kwa kiganja, mafuta ya nazi yenye joto, usikaze hapo, nenda na msuli usiende kinyume. Kisha akatufundisha mama anyanyue kisigino mara chache, apumzike, anyanyue tena. Siku anayolia kwa maumivu alituambia tumwache kesho yake. Alimpangia mayai ya kuchemsha, samaki, kunde. Alikuja hivyo kwa wiki nyingi, hakutaka hata chai. Kabla ya mvua za mwaka ule mama alishuka ngazi mwenyewe akaenda arusini.

Mama alimwombea dua kila sala. Na siku moja, bado yumo katika mazoezi yale, alimwambia kupitia mlangoni, "Nami nipe huo unga wako, Mwalimu. Nawasikia wale vijana waja wakilia migongo, asubuhi wapita hapa wakikimbia."

Mwalimu alicheka kidogo. "Bi. Mkubwa, wewe kula kunde na samaki. Ule si wako."

"Ni wa nani?"

"Ni wa wenye haraka," akasema.

Mama alicheka pia. Mimi nilikuwa nimeshika kisigino chake na mafuta mikononi, na jibu lile halikunipendeza, lakini sikujua kwa nini.

Swaleh alinona. Hilo ndilo neno alilotumia mama, mwanangu amenona, na majirani wakampongeza. Uso ulijaa ukawa wa duara kama sahani, shingo ikapotea. Maumivu yaliisha kabisa. Alibeba zamu mbili Shimanzi, akaja kupiga vyuma, akalala masaa matatu, akaamka anaimba. Alikula usiku na mchana. Lakini mimi ndiye niliyemfulia na kumshonea, na nguo hazidanganyi. Kiuno nilikitanua, na mikono ya fulana nikaipunguza. Tumbo lilikuwa likikua na mikono ikiisha. Mgongoni alitoka chunusi zenye usaha zilizoacha madoa kwenye shuka. Kidonda kidogo cha kamba ya gunia kilikaa miezi bila kufunga. Siku moja alivua shati nikaona tumboni mwake mistari ya zambarau, mipana kama kidole, kana kwamba ngozi inataka kupasuka. Nikamuuliza Mwalimu kwa heshima. Alisema ni maji, yatakauka, na akaniambia nisimtie kijana woga.

Nilimwona pia akitwanga vidonge. Alikuwa na kopo kubwa jeupe la duka la dawa, akavimimina katika kinu cha viungo, akatwanga polepole huku anasoma uradi, kisha akachanganya katika pipa. Niliuliza kutoka dirishani ni nini. Akasema vitamini. Vitamini si kitu kibaya, na mtu alikuwa anamtaja Mwenyezi Mungu, nikarudi kwenye cherehani yangu.

Kila Ramadhani Mwalimu alifunga stoo mwezi mzima. Alitia kufuli, akaenda kukaa msikitini na msahafu wake, na pipa la unga likabaki ndani. Mwaka ule ambao ndugu yangu alikuwa ameunywa unga huo karibu miaka miwili, kumi la kwanza la mfungo halijaisha, Swaleh alianza kutapika daku. Akawa hawezi kuinua mkono kuchana nywele. Tulidhani ni saumu na kazi nzito. Mama akamwambia afungue, ana udhuru, akakataa. Adhuhuri moja aliangukia chini ya gunia godauni, na wenziwe wakamleta kwa mkokoteni, maana gari haliingii mtaani kwetu. Midomo ilikuwa myeupe, jasho la baridi, macho wazi na haoni. Tukamgeuza na mkokoteni ule ule mpaka barabarani, na hapo tukapata teksi ya kwenda hospitali.

Daktari alikuwa mwanamke kijana wa bara, mchovu, mwenye sauti kavu. Baada ya kumtia maji na dawa na kumwona anapumua vizuri, alimfunua tumbo, akaitazama ile mistari kwa muda, akaniuliza ndugu yako anakunywa nini. Nikamweleza. Akataka aone. Nilikwenda nyumbani nikachukua kopo la Swaleh chini ya kitanda, limebaki vumbi la unga tu, na uani, pembeni mwa kinu, nikaokota kidonge kimoja kilichoruka kikakwama kwenye ufa wa sakafu. Daktari alikigeuza kwa kucha.

"Hivi ni vya watu wa pumu, na wenye viungo vilivyovimba vibaya," akasema. "Vinaondoa maumivu haraka sana. Vinamvimbisha mtu uso, vinampa njaa."

Nikasema kwamba basi si dawa ya kukuza misuli.

"Vinakula misuli," akasema. "Mfupa pia. Na mtu aliyevizoea akiviacha ghafla, mwili unashindwa kujiendesha. Ndiyo maana ameanguka."

Nilisimama pale nikifikiri juu ya foleni ya vikombe. Watu wale waliochanika misuli kwa magunia, wakaja kulipia kitu cha kuwajenga, wakapewa kitu cha kuwatafuna, na wakashukuru kwa sababu hakikuuma.

Swaleh alipona kule kuanguka. Alipewa vidonge vile vile hospitali, vikapunguzwa kidogo kidogo mpaka vikaisha. Mwili ulinywea. Kisha paja likaanza kumuuma, juu kabisa, na picha ilipopigwa tukaambiwa kwamba kichwa cha mfupa wa paja kimekufa kwa ndani. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Hakubeba gunia tena wala hakukimbia tena, na mpaka leo hutembea kama mtu anayepanda mtumbwi.

Baada ya Idi niliteremka stoo. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuvuka kizingiti kile. Mwalimu alikuwa anafagia, amefunga kikoi, harufu ya mwezi mzima imekaa ndani kama mnyama. Nilimwambia alichosema daktari, neno kwa neno. Nilidhani atakana. Nilikuwa nimejitayarisha kwa hilo, nina kidonge mkononi.

Aliegemeza fagio. "Nimeambiwa," akasema. "Angenijia msikitini, ningempunguzia polepole. Haviachwi mara moja."

Nikamuuliza kama alijua.

"Kila mtu aijua kazi yake, binti."

"Mbona mama hukumpa?"

"Mama habebi magunia." Alisema kama mtu anayemfafanulia mtoto. "Wale watu waja kwangu wakilia. Niwaambie nini, lala? Walale wapi? Nani awape siku ya kupumzika? Wataka waamke asubuhi waweze kuinua mkono. Mimi niliwaamsha." Kisha akanitazama mkono, tabia ile haikumwacha hata saa ile, akasema, "Na Swaleh alikuwa na furaha. Wewe uliwahi kumwona na furaha kama ile?"

Nilitoka nje nikashika ukuta, nikatapika kwenye mtaro ambao yeye alikuwa akimwagia maji ya ndoo zake. Alinifuata na kata ya maji, akaiweka chini mbali nami kwa adabu, akarudi ndani kufagia.

Nilitaka atolewe siku ile ile. Mama hakuweza. Alikaa kitandani anaupapasa mguu wake, akisema huu nautembelea kwa sababu yake, na yule ni mwanangu, mimi nifanye nini. Alimwomba ahame mwisho wa mwezi, akilia, na siku ya kuondoka akampelekea sahani ya biriani iliyofunikwa kwa kawa. Hiyo sahani nilikataa kuishika. Vijana wake walikuja kubeba vyuma kwenye mikokoteni. Hakuna aliyemuuliza kitu. Mmoja wao, mtu wa Kinango mwenye uso wa duara kama sahani, alinitabasamia huku amekumbatia lile pipa. Nilimwambia kilichomo ndani. Alinisikiliza vizuri, akasema ahsante dada, akalipakia pipa juu ya mkokoteni na kulifunga kamba.

Stoo niliisugua kwa maji ya moto na sabuni, nikaipaka chokaa mara mbili. Tukamkodisha muuza vitambaa. Siku za unyevu harufu hutoka tena ukutani, na muuza vitambaa huniuliza kama kulikuwa na ng'ombe humu.

Miaka ya tisini ilikuwa inaisha nilipoonana naye tena. Wakati huo Swaleh alikuwa na kibanda karibu na uwanja wa Tononoka, anauza madaftari, kalamu na peremende kwa watoto wa skuli. Kibanda kilikuwa na kiti kimoja, cha mbao, chenye mto nilioushona mimi, kwa sababu hawezi kusimama muda mrefu bila paja kuwaka moto. Mimi nilimpelekea chakula adhuhuri, nikasubiri ale, nikarudi na vyombo.

Siku hiyo nilichelewa. Nilipofika, Swaleh alikuwa amesimama, ameshika meza kwa mikono miwili, na kitini amekaa Mwalimu. Alikuwa amezeeka vibaya. Nyama zote zimekwenda, na ngozi ya mikono ilining'inia kama mikono ya kanzu ya kuazima. Alikuwa ananywa soda ya Swaleh. Swaleh aliniambia nimuamkue Mwalimu. Sikumuamkua. Mwalimu hakujali, aliendelea na mazungumzo yake, kuhusu mahali pa kuwekea vyuma alipopata mtaa wa Buxton, kuhusu vijana wa siku hizi wasiokuwa na subira. Alimuuliza Swaleh habari za mguu kana kwamba anamuuliza habari za hali ya hewa. Swaleh akajibu alhamdulillahi. Alikuwa ameuinua ule mguu kidogo, ametupia uzito wote upande mmoja, na juu ya mdomo wake jasho lilikuwa limekusanyika. Mzee yule, aliyeweza kuutazama mwili wa mtu yeyote akakwambia unauma wapi, aliyaona yote hayo. Akanywa soda.

Nikaweka vyombo chini. "Mwalimu, inuka," nikamwambia. "Hicho kiti ni cha mgonjwa."

"Dada," Swaleh akasema.

Mwalimu aliweka chupa mezani. Alishika magoti, akajaribu kuinuka, hakuweza. Akajaribu tena. Swaleh akaiacha meza, akampa mkono, wakavutana wawili wale mpaka mzee akasimama, na nikaona paja la ndugu yangu linatetemeka ndani ya suruali. Mwalimu alivaa kofia, akaniambia kwa upole kwamba nina haki. Kisha akaegemea mkono wa Swaleh, na Swaleh akasema atamfikisha barabarani.

Nilimwambia Swaleh akae ale, mtu mwenyewe ana miguu yake.

Aligeuka. Hakuwa na hasira. "Huja kila mwezi, dada," akasema. "Tangu nilipotoka hospitali. Wewe tu hukuwa ukijua."

Wakaenda polepole kando ya ukuta wa uwanja, mmoja akichechemea na mwingine akiburura miguu, na Mwalimu alikuwa akimweleza kitu, na Swaleh akiinamisha kichwa kumsikiza. Wenye maduka walimsalimu mzee. Mimi nilibaki kibandani. Nilitia mkono juu ya ule mto, ulikuwa bado na joto lake. Nikasimama pale juani na chakula kinapoa, nikingoja joto lile liishe kabla ndugu yangu hajarudi kukaa.